Bhola, Wilaya Ambayo Ardhi Yake Huhama

Mto Meghna unapofika Ghuba ya Bengal huwa umekwisha kupokea maji ya mito mingine miwili mikubwa, Ganges na Brahmaputra. Hapo mlangoni, kusini mwa Bangladesh, ndipo kilipo Bhola, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya nchi hiyo. Pamoja na visiwa vidogo vya jirani, Bhola ni wilaya moja kati ya wilaya 64 za Bangladesh. Wakazi wake hulima mpunga na kuvua ilish, samaki anayependwa mno na Wabengali.

Mahali pengi wilaya hupimwa, mipaka ikachorwa, na ramani ikatumika miaka mingi. Bhola haina bahati hiyo. Mito hiyo mitatu hushusha karibu tani bilioni 1 za udongo kila mwaka. Udongo hujikusanya ukawa fungu, fungu likaota majani, hatimaye kikatokea kisiwa kipya, ambacho wenyeji hukiita char. Kwingineko maji yale yale huumega ukingo, na shamba lenye rutuba likatumbukia mtoni pamoja na nyumba ya mwenyewe.

Bhola ilifanywa wilaya kamili mwaka 1984. Ina tarafa saba, ziitwazo upazila: Bhola yenyewe, Borhanuddin, Char Fasson, Daulatkhan, Lalmohan, Manpura na Tazumuddin. Chini ya tarafa kuna kata, na kila kata ina baraza lake: mwenyekiti, wajumbe tisa wa mitaa, na wanawake watatu wa viti maalumu, ambao tangu mwaka 1997 huchaguliwa na wananchi wenyewe.

Je, ardhi iliyomezwa na mto ikiibuka tena, ni ya nani? Swali hili limewasumbua watawala kwa muda mrefu. Amri ya mwaka 1972 ilisema ardhi hiyo ni mali ya serikali, ili wasio na mashamba wapate kugawiwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1994 yakamrudishia mwenye shamba haki yake, au warithi wake, iwapo ardhi itaibuka pale pale ndani ya miaka 30. Kila upande una haki yake, na kati yao hujipenyeza wenye nguvu, ambao hutuma watu wenye marungu kulikalia fungu jipya kabla ya mpima ardhi kuwasili. Mnyonge asiye na hati hubaki mikono mitupu. Kwa sababu hiyo kanuni za mwaka 1997 za kugawa ardhi ya serikali ziliagiza hati iandikwe majina ya mume na mke kwa pamoja, ili mke naye awe na haki katika shamba.

Lakini kuna jambo zito kuliko hati. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 tufani iliipiga pwani hiyo, na bahari ikapanda juu ya visiwa. Inakadiriwa kuwa watu kati ya 300,000 na 500,000 walipoteza maisha. Katika Tazumuddin peke yake karibu nusu ya wakazi waliangamia. Habari za tufani zilikuwa zimetangazwa, lakini wengi hazikuwafikia kwa namna ya kueleweka.

Baada ya msiba huo Msalaba Mwekundu na serikali waliunda mpango wa kujiandaa kwa tufani. Leo una watu wa kujitolea zaidi ya 70,000 kote pwani, na karibu nusu yao ni wanawake. Hao hupandisha bendera za hatari, hupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti, na kuwapeleka wazee na watoto kwenye majengo imara yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Siku za kawaida mengi ya majengo hayo ni shule. Tufani ya Sidr ya mwaka 2007 ilikuwa kali sana, lakini waliokufa walikuwa maelfu machache, si mamia ya maelfu.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Huko Bhola sheria nayo yapaswa kuyafuata maji. Mwananchi wa huko huipima serikali yake kwa mambo mawili: kama inamlindia shamba lake lisinyakuliwe, na kama inamgongea mlango kabla bahari haijafika.