Uniti Si Saa, Ampea Si Wati

"Injinia, uniti moja inakaa saa ngapi?" Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili. Wanaliuliza wapangaji wanaochangia mita moja, wenye saluni, wauza samaki wenye majokofu, hata walimu. Nalo halina jibu. Ni kama kuuliza lita ya petroli inakaa saa ngapi bila kusema imewekwa kwenye bodaboda au kwenye lori la mchanga. Uniti haipimi muda. Inapima nishati, na jina lake kamili limeandikwa usoni mwa mita yako: kWh, yaani kilowati mara saa. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa ulizokitumia, gawanya kwa 1,000. Jibu unalopata ndilo uniti zilizokwenda.

Kwa hesabu hiyo, pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme mfululizo inamaliza uniti moja kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 10 inaimaliza kwa saa 100. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inaimaliza kwa dakika 12. Uniti ni ileile, jouli 3,600,000, iwe Mbagala, Mombasa au Muscat. Hakuna uniti nyepesi za siku hizi na uniti nzito za zamani. Kinachobadilika ni bei yake na vifaa ulivyonavyo ndani.

Mkanganyiko huu hauishii mitaani. Mara kwa mara nasikia ikitangazwa kwamba bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji linazalisha megawati 2,115 "kwa saa" au "kwa mwaka". Megawati 2,115 ni uwezo wa mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, ikizunguka yote kwa pamoja. Uwezo haudai saa wala mwaka. Muda unaingia pale tu unapotaka nishati: mitambo yote ikizunguka kwa uwezo wake kamili kwa saa moja, zimepatikana uniti 2,115,000.

Ningeweza kuvumilia makosa haya kama yasingekuwa yanawagharimu watu fedha. Lakini mtu asiyetofautisha ampea, wati na uniti ndiye anayeuziwa kile kiboksi cha "kupunguza uniti", na hapo uvumilivu wangu unakwisha.

Unakijua. Ni cha plastiki, kinatosha kiganjani, unakichomeka kwenye soketi yoyote, kinawasha taa ya kijani, na muuzaji anaapa kwamba matumizi yatashuka kwa asilimia 30, au hata nusu. Ukikifungua, kwa kawaida unakuta kapasita moja ndogo, pengine fyuzi, na vipande vichache vya kuwashia ile taa. Basi. Taa yenyewe nayo inakula umeme wako, ingawa kidogo.

Muuzaji mjanja haji mikono mitupu. Anakuja na pampu ndogo au feni, pamoja na kipima ampea cha kubana kwenye waya. Anawasha mota, kipimo kinasoma. Anachomeka kiboksi, namba inashuka, watu wanashangilia na pochi zinafunguka. Namba hiyo imeshuka kweli. Uongo uko kwenye maelezo yake.

Mota ina nyaya zilizozungushwa. Nyaya hizo hukopa nishati kwenye laini ili zijenge usumaku, kisha huirudisha, mara 100 kila sekunde kwenye gridi yetu ya hezi 50. Umeme huo wa kwenda na kurudi unapita kwenye waya, kwa hiyo kipima ampea kinauona. Lakini haugandishi samaki wala haupandishi maji kwenye tangi, na mita ya nyumbani haikutozi kwa ajili yake. Mita hiyo haihesabu ampea peke yake. Inazidisha volti na ampea za papo hapo, tena na tena ndani ya kila sekunde, inatoa kilichorudi kwenye kilichokuja, na kinachobaki ndicho kinachohesabiwa kuwa wati.

Chukua mfano wa pampu inayovuta ampea 2 kwenye volti 230. Hizo ni volti-ampea 460. Tuseme wati zake halisi ni 276. Ukiweka kapasita ya kipimo kinachofaa kabisa, mota itakopa kwenye kapasita badala ya kukopa kwenye laini, na ampea za laini zitashuka hadi 1.2. Mbele ya macho yako ampea zimepungua kwa asilimia 40. Lakini wati zilikuwa 276 na zimebaki 276. Baada ya saa moja mita itakata uniti 0.276, kiboksi kiwepo kisiwepo. Joto linalopotea kwenye waya wa nyumba litapungua kidogo, kweli, lakini ni dogo mno hata hutaliona kwenye hesabu ya mwezi.

Hiyo ni mota, kifaa ambacho kapasita inakigusa angalau kwa namna fulani. Pasi, birika la umeme, jiko la koili na hita ya kuogea havikopi chochote, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Navyo ndivyo walaji wakubwa wa uniti nyumbani. Televisheni, chaja na balbu za LED zina tatizo la aina nyingine: mkondo wake umekatwakatwa, na kapasita ya soketini haiutibu.

Sasa muuzaji atakwambia, "Mbona viwanda vinatumia kapasita?" Vinatumia, na vina sababu. Mteja mkubwa wa TANESCO, shirika letu la umeme, halipii uniti pekee. Hulipia pia kVA za juu kabisa alizofikia katika mwezi, na kVA ni ile hesabu ya volti-ampea. Kiwanda chenye mota kubwa kikiweka kapasita zilizokadiriwa na mhandisi, bili inashuka kwa haki kabisa. Wewe mwenye LUKU ya nyumbani, mita ya kulipa kabla ya kutumia, hutozwi kVA. Unauziwa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Usiniamini mimi, iamini mita yako. Ina taa ndogo inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, mara nyingi 1,000. Zima kila kitu. Jaza birika maji, liwashe, uhesabu mipepeso kwa dakika moja. Birika la wati 2,000 litakupa kama 33. Chomeka kiboksi, uhesabu tena kabla maji hayajachemka. Utapata 33. Rudia kwa feni au friji ukipenda. Nimewaeleza wengi jaribio hili, na wanaokataa kulifanya ni wauzaji.

"Lakini jirani alikinunua na uniti zikapungua." Jirani alianza kuzima taa kwa sababu ameanza kufuatilia mita. Au amelinganisha shilingi na shilingi badala ya uniti na uniti. Kwenye fedha unayolipa kuna VAT, asilimia 3 za REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati, na tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo. Elfu kumi ya mwezi huu inaweza kuleta uniti tofauti na elfu kumi ya mwezi uliopita, na mita isiwe na kosa lolote.

Na kutosaidia hakukifanyi kiboksi kuwa salama. Kapasita hafifu inayokaa kwenye umeme usiku na mchana huweza kupata moto na kuyeyusha soketi. Ukikichomoa, usishike vyuma vyake. Huenda chaji bado imo.

Kinachopunguza uniti ni mambo mawili: wati chache au saa chache. Anza na hita. Watu wanne wakioga kila siku dakika 10 kila mmoja kwa hita ya wati 5,000, hizo ni uniti 100 kwa mwezi, na tayari umevuka kikomo cha uniti 75 cha kundi la matumizi madogo, lenye bei nafuu. Balbu nne za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku zinakula uniti 36 kwa mwezi. LED za wati 9 zitakula 5.4. Chemsha maji unayoyahitaji, si birika zima. Piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Badilisha mpira wa mlango wa friji ukichakaa, na usiibane friji ukutani. Soma wati kwenye kibandiko kabla hujalipia kifaa chochote. Zima na uchomoe vifaa vyote, uitazame mita: ikiendelea kupepesa, umeme unavuja au kuna mtu amejiunganishia, mwite fundi mwenye leseni leo, si kesho. Na kila tarehe mosi andika uniti ulizotumia, si shilingi ulizolipa.