Je, Wajua? Vituko vya Mchujo wa Fedha za Utafiti

Serikali ikitangaza fedha za utafiti, maandiko ya kuziomba humiminika. Fedha ni chache, wanaozitaka ni tele, na katikati limekaa jopo lenye vigezo na kalamu. Sogea hapa kwenye benchi, nikumegee ya huko ndani!

Je, wajua kuna mtihani ambao mwenye 10 ndiye bingwa na mwenye 90 ndiye wa mkiani? Uko Marekani, kwenye Taasisi za Taifa za Afya (NIH). Kila mjumbe hutoa alama kati ya 1 na 9, 1 ikiwa bora kabisa, kisha wastani wa jopo huzidishwa kwa 10. Ukikutana na mtafiti aliyepata 14, usimpe pole, mpe hongera!

Na je, wajua kwamba karibu nusu ya maandiko hapo NIH hayajadiliwi kabisa kikaoni? Kwa kawaida wapitiaji watatu hulisoma andiko mapema, na alama zao za awali zikiwa dhaifu, linawekwa kando. Mwenye andiko hurudishiwa maoni ya maandishi, lakini alama ya mwisho haioni.

Unadhani mjumbe anaweza kumbeba rafiki yake? Thubutu! Andiko la mtu mwenye uhusiano naye likifika mezani, mjumbe anatoka kikaoni mpaka limalizike. Nawe mwombaji ukimtafuta mpitiaji pembeni umweleze "kidogo tu", umevunja kanuni.

Hata ukubwa wa herufi unapimwa! Kwa ruzuku kuu ya NIH, malengo ya utafiti hukaa kwenye ukurasa 1 na mpango wenyewe kurasa 12, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa 11 na pambizo ya nusu inchi. Ukizibana herufi ili uchomeke aya moja zaidi, andiko linaweza kuondolewa kabla halijasomwa.

Hebu kadiria: Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa China hupokea maombi mangapi kwa mwaka? Elfu kumi? Elfu hamsini? Ongeza! Miaka ya karibuni yamepita 300,000. Nani anayasoma yote hayo? Watafiti wenzao.

Je, wajua kwamba maombi ya mwaka mmoja tu yalikula miaka 550 ya kazi? Mwaka 2012, watafiti wa Australia waliandaa maandiko 3,727 kwa ajili ya baraza la utafiti wa afya la nchi yao. Wenzao walipokadiria siku zilizotumika kuyaandika, ikatoka miaka 550! Na takriban maandiko 4 kati ya kila 5 yaligonga mwamba.

Sasa dawa ya msongamano ni ipi? Usicheke: futa tarehe ya mwisho! Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani (NSF) ulifanya hivyo kwenye baadhi ya programu zake za sayansi ya dunia, ukawaambia watu walete wakati wowote. Maombi yalikuwa 804 mwaka 2014. Katika miezi 11 ya utaratibu mpya, hadi Machi 2016, yakaja 327 tu. Binadamu na dakika ya mwisho, we acha!

Kuna na wanaozidisha kasi. NIH ilieleza kwamba mtu mmoja aliwahi kuleta maombi zaidi ya 40 katika awamu moja! Tangu Septemba 2025, kila mtafiti mkuu ana kikomo cha maombi 6 kwa mwaka.

Je, mpitiaji aliyechoka anaweza kuipa akili mnemba imsomee andiko? NIH ilikataza tangu Juni 2023, kwa sababu andiko ni siri na ukilimwaga humo hujui litaishia wapi. Baraza la Utafiti la Australia nalo likapiga marufuku mwaka huohuo.

Shika benchi vizuri kwa hili. Wapitiaji 43 walipewa maandiko 25 yaliyowahi kupelekwa NIH, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Alama za watu wawili kwa andiko moja hazikukaribiana zaidi kuliko alama za maandiko mawili tofauti! Huyu aliona dhahabu, yule akaona bati.

Wala si jambo geni. Mwaka 1981 watafiti walipitisha upya maandiko 150 ya NSF kwa wapitiaji wengine. Hitimisho lao? Karibu nusu ya hatima ya andiko inatokana na ubora wake, na nusu nyingine ni bahati ya nani kaangukiwa nalo.

Je, wajua kwamba wanawake wawili wa Sweden waliumbua jopo zima kwa hesabu? Christine Wennerås na Agnes Wold walidai kuona alama za siri za baraza la utafiti wa tiba, wakategemea sheria ya uwazi ambayo chimbuko lake ni mwaka 1766. Waliyoyachapisha mwaka 1997 yalitikisa dunia: ili mwanamke apate alama sawa na mwanamume, ilibidi awe na mafanikio ya kisayansi mara 2.5 zaidi!

Basi wengine wakasema heri bahati nasibu ya wazi. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand lilianza mwaka 2013: maandiko ya ruzuku yake moja husomwa bila majina, yanayofaa huingizwa kwenye droo, na washindi huchaguliwa kwa bahati. Ndiyo, fedha za umma, kwa droo!

Uswisi ikafuata. Tangu 2021, mfuko wake wa taifa wa sayansi unaruhusu kura ya bahati maandiko yanapolingana kabisa na fedha hazitoshi wote. Mwaka 2022 British Academy ya Uingereza nayo ikaanza kutumia droo kwa ruzuku zake ndogo.

Baraza la Utafiti la Ulaya (ERC), lililoanzishwa 2007, lina kigezo kimoja tu: ubora. Mwaka 2024, wanasayansi 3,474 walioanza kujitegemea waliomba, wakapata 494. Na ukivuna alama C kwenye mchujo wa kwanza, unafungiwa kuomba kwa muda!

Ukipita kwa wataalamu, umepona? Ngoja kwanza! Waziri Simon Birmingham wa Australia alizuia kimya kimya miradi 11 iliyokwisha kupendekezwa, yenye thamani ya dola milioni 4.2 za huko, na siri ikafichuka mwaka 2018. Mkesha wa Krismasi 2021 ikajulikana kaimu waziri Stuart Robert amekata mingine 6. Mwaka 2024 sheria ikabadilishwa, na uamuzi wa ruzuku nyingi ukahamia kwenye bodi ya Baraza la Utafiti la nchi hiyo.

Na je, wajua kwamba seneta mmoja alikuwa akitoa "tuzo" ya kuaibisha matumizi ya serikali? William Proxmire wa Marekani alianza mwaka 1975. Wa kwanza kuipata ni NSF, kwa kutoa dola 84,000 kuchunguza kwa nini watu hupendana!

Turudi nyumbani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inasema Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe na Hazina asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Asilimia mbili nzima! Mpaka leo mfuko haujawahi kuiona hata mara moja.

Sheria hiyohiyo ilizaa taasisi tatu kwa mpigo: NACOSTI ya vibali, NRF ya fedha na KENIA ya ubunifu. Kwa hiyo nchini Kenya, anayekupa kibali cha utafiti siye anayekupa fedha. Tanzania ni tofauti: COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hutoa vibali na husimamia pia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE.

La kukutia moyo? Mwanasayansi Katalin Karikó aliomba fedha za utafiti wa mRNA miaka ya 1990, akakataliwa tena na tena, na mwaka 1995 chuo chake kikamshusha cheo. Utafiti huo ndio uliowezesha chanjo za UVIKO-19, na mwaka 2023 akatwaa Nobeli ya Tiba pamoja na Drew Weissman.

Kwa hiyo wewe uliyerudishiwa andiko, usilichane. NIH humpa mwombaji miezi 37 ya kulirekebisha na kulirudisha. Soma maoni, nyoosha ukurasa wa kwanza, uliza tangazo lijalo linatoka lini. Na safari hii, tafadhali, usingoje usiku wa mwisho!