Usalama wa Chakula Mwambaoni mwa Ziwa Nyasa

Kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na kupanda milimani hadi Mbinga, kitoweo cha kaya nyingi ni samaki wa Ziwa Nyasa, hasa dagaa waitwao usipa. Dagaa ni lishe bora, lakini kutoka mtumbwini hadi sahanini wanaweza kuchafuliwa na vimelea vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo.

Hatari ya kwanza ni uanikaji. Dagaa waliotandazwa mchangani hugusana na kinyesi cha watu na mifugo. Chanja iliyoinuliwa huwaepusha na uchafu huo, na kwa kuwa hewa hupita chini yake, hukauka upesi.

Ya pili ni maji. Maji ya ziwa huonekana maangavu, lakini uangavu si usafi. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Maji ya kunywa na ya kuoshea matunda na kachumbari yachemshwe au yatiwe klorini.

Ya tatu ni mikono. Kunawa kwa zamu katika beseni moja humpa wa mwisho uchafu wa waliomtangulia. Maji yamiminwe, na sabuni itumike.

Ya nne ni kiporo. Chakula kilichopikwa kisiachwe kipoe zaidi ya saa 2. Kipashwe moto hadi kitoe mvuke kote. Hata hivyo, wali uliolala bila kuhifadhiwa kwenye ubaridi usiliwe, kwani baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto.

Anayeharisha apewe ORS mara moja, ikichanganywa na maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Damu katika choo, choo kinachofanana na maji ya mchele, macho kudidimia, kulegea au kushindwa kunywa ni dalili za kumpeleka kituoni bila kuchelewa, huku akinyweshwa ORS njiani iwapo anaweza kumeza. Kipindupindu kikali huweza kuua ndani ya saa chache.

Mhudumu wa afya anayeshuku kipindupindu asisubiri majibu ya maabara: aanze kurudisha maji mwilini na atoe taarifa siku hiyohiyo. Aulize pia mgonjwa alikula nini, na maji aliyokunywa yalichotwa wapi, maana jibu hilo laweza kuwakinga jirani zake.