Mizigo ya baridi: nani alipe shehena ikiharibika?

Kontena la maparachichi linapofika Ulaya likiwa na matunda yaliyooza, swali la kwanza ni nani alipe hasara. Mnunuzi humlaumu muuzaji, muuzaji huilaumu meli, na kampuni ya bima husubiri ushahidi.

Ushahidi huo hutoka kwenye kihisi, kifaa kidogo kinachopima joto ndani ya kontena na kupeleka vipimo kwa njia ya mtandao. Tatizo ni kwamba vipimo vikitunzwa kwenye kompyuta ya upande mmoja, upande huo unaweza kuvibadili.

Hapo ndipo inapoingia teknolojia ya blokicheni. Kila kipimo husainiwa kwa ufunguo wa siri wa kifaa chenyewe, kisha huunganishwa na alama inayotokana na kumbukumbu iliyotangulia. Nakala hukaa kwa wahusika kadhaa, kama vile mwenye meli, forodha, benki na bima. Mmoja akibadili hata tarakimu moja, alama za nakala yake hazilingani tena na za wenzake.

Haja ya mfumo wa aina hiyo ipo. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilibaini kuwa shehena moja ya baridi kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya inaweza kupita kwa watu na taasisi karibu 30, wakiwasiliana zaidi ya mara 200. Mwaka 2018 Maersk na IBM walizindua mfumo wa TradeLens. Hata hivyo, Novemba 2022 walitangaza kuufunga, wakieleza kuwa ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana na mfumo haukufikia kujiendesha kibiashara.

Aidha, blokicheni hulinda kilichoandikwa, haisahihishi kosa. Kihisi kikiwekwa karibu na tundu la hewa baridi, joto la katikati ya shehena halitaonekana, na kipimo hicho kitatunzwa vivyo hivyo.

Kabla ya kusaini mkataba, mfanyabiashara aulize nani anamiliki vihisi, nani alihakiki usahihi wake, na kama bima na mnunuzi wanazikubali kumbukumbu hizo.

Mwekezaji mdogo naye asichanganye teknolojia na sarafu. TradeLens haikuwa na sarafu ya kuuza. Anayeshawishiwa kununua sarafu ya mtandao wa vifaa atazame kwanza kama wapo wateja wanaolipia huduma yenyewe.