Bima ya maisha: Kuvunja mkataba si sawa na kuacha kulipa

KWA mkulima wa Nyamiaga, wilayani Ngara, fedha huja kwa msimu. Kahawa huanza kuvunwa kuanzia Mei, maharage na mahindi hufuata mvua zake, na mkungu wa ndizi huuzwa siku unapokomaa. Ada ya bima ya maisha haijui msimu. Inadaiwa kila mwezi, Januari ya sare na madaftari kama ilivyo Agosti ya mauzo ya kahawa.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Wakala alifika wakati wa mavuno, mfuko ukiwa na fedha, na fomu ikajazwa kwa moyo mweupe. Miezi sita baadaye kahawa iko kwenye maua, dukani wateja wanakopa, na ada ya mwezi imekosekana. Mwezi wa pili nao unapita. Mwenye bima anaona aibu kumpigia wakala simu, wakala naye ameacha kupita, na kila mmoja ananyamaza. Mwaka ukiisha, mkulima anasema kampuni imekula fedha yake.

Wakati mwingine kweli imeliwa. Lakini mara nyingi fedha hiyo ilipotea kwa sababu mwenye bima aliacha kulipa bila kuvunja mkataba, akidhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake hapa. Mtu akisema "nimekata bima", huyo ndiyo kwanza ameinunua. Anayetaka kutoka hakati, anavunja mkataba au anausalimisha, na kazi hiyo hufanyika kwa maandishi. Anayeacha kulipa tu hajavunja chochote. Mkataba wake unaingia kwanza katika siku za msamaha, ambazo kwa mikataba mingi ya kulipa kwa mwezi hazizidi 30, na ndani ya siku hizo kinga bado ipo: akifariki, familia italipwa, ada anayodaiwa ikikatwa humo. Siku hizo zikipita, kinga inakoma. Kama mkataba ulikuwa bado mchanga, hakuna cha kurudishwa. Kama ulikuwa umeshajenga thamani, kinachofuata hutegemea masharti yaliyoandikwa kwenye hati, na baadhi ya hati huruhusu kampuni kuitumia thamani hiyo kujilipa ada zinazodaiwa mpaka ikwishe. Mwenye hati anaweza kuja miaka miwili baadaye na kukuta akiba yake imejilia yenyewe.

Kwa nini kinachorudi ni kidogo

Si kila bima ya maisha ina fedha ya kurudishwa. Ile ya muda maalumu, inayolipa tu iwapo mtu atafariki ndani ya kipindi hicho, ni kama bima ya gari: mwaka ukiisha salama, ada imekwenda. Inayorudisha ni ile yenye akiba ndani yake, ambayo mawakala huinadi kwa majina ya elimu ya watoto, uzeeni au maendeleo. Hiyo ndiyo yenye thamani ya kusalimisha, yaani fedha anayopewa anayevunja mkataba kabla ya wakati wake.

Hata hiyo haianzi siku ya kwanza. Mikataba mingi ya aina hii huanza kuwa na thamani ya kusalimisha baada ya ada za miaka miwili au mitatu kulipwa zote. Kabla ya hapo jibu huwa ni sifuri, na hilo huwaudhi watu kuliko kitu kingine chochote katika biashara ya bima.

Sababu yake ipo, ingawa mnunuzi haelezwi mapema. Ada ya mwaka wa kwanza hubeba kamisheni ya wakala, gharama za uchunguzi wa afya na uandikishaji, pamoja na bei ya kinga yenyewe. Kinga hiyo haikuwa ya bure: kama mwenye bima angefariki mwezi wa nne, familia ingelipwa kiasi chote kilichoahidiwa. Kinachobaki baada ya makato hayo ndicho kinachowekezwa, na miaka ya mwanzo hubaki kidogo.

Wakulima wa Kagera wanaifahamu biashara ya namna hii kwa jina jingine. Ni butura: kuuza kahawa ikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya mwenye shida, halafu kumwangalia mwingine akivuna. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi. Kusalimisha bima mwaka wa tatu ni ndugu yake wa karibu, tofauti ni kwamba huku ni halali na bei imeandikwa kwenye hati ambayo wachache huisoma.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa mwenye duka la pembejeo anayelipa Sh 40,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka 15, kiasi kilichoahidiwa Sh 8,000,000. Baada ya miaka mitatu ameshalipa Sh 1,440,000. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu kwa kuwa kila kampuni ina jedwali lake, thamani ya kusalimisha ni asilimia 40 ya alicholipa. Atapata Sh 576,000 na kuacha nyuma Sh 864,000.

Ipo njia ya pili ambayo mawakala huitaja mara chache, kwa kuwa haiwaletei kitu. Mwenye bima anaweza kuomba mkataba ugeuzwe kuwa uliokwishalipiwa. Halipi tena ada, hachukui fedha leo, na kiasi kilichoahidiwa kinapunguzwa kulingana na ada alizokwisha kutoa. Huyu amelipa miezi 36 kati ya 180, yaani sehemu moja ya tano. Kwa hesabu ya uwiano, atabaki na bima ya Sh 1,600,000, italipwa mwisho wa muda au kwa familia akifariki kabla.

Sh 1,600,000 ni nyingi kuliko 576,000, lakini zinakuja baada ya miaka 12. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, Sh 1,600,000 za wakati huo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban Sh 1,000,000. Bado ni zaidi, na kinga kidogo imebaki. Kwa mtu ambaye hana shida ya haraka ila ameshindwa tu na ada ya mwezi, njia hii ndiyo yenye nafuu.

Mwenye shida ya haraka hesabu yake ni nyingine. Kama anadaiwa Sh 576,000 na mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na kahawa iko miezi sita mbele, riba pekee itafika Sh 345,600. Hapo kung'ang'ania bima ili "isipotee" ni kujidanganya. Lakini kabla ya kuvunja, aulize njia ya tatu: mkataba wenye thamani ya kusalimisha mara nyingi huruhusu mwenye nao kukopa kutoka kampuni ile ile ya bima, dhamana ikiwa ni hati yenyewe. Riba ipo, lakini hailingani na ya mtaani, na deni likilipwa msimu wa kahawa mkataba unaendelea. Lisipolipwa, hukatwa kwenye malipo ya mwisho.

Wazee wana sababu ya kuwa na mashaka

Watumishi wa zamani, hasa walimu na wauguzi, wana hadithi zao kuhusu bima ya maisha, na si za uongo. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likabaki peke yake katika biashara ya bima Tanzania Bara mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Ada zilikatwa kwenye mshahara. Aliyeanza mkataba wa miaka 15 mwaka 1980, wakati dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya Sh 10, alilipwa mwaka 1995 wakati dola imevuka Sh 500. Ahadi ilitimizwa kwa tarakimu, ila ng'ombe aliyekusudiwa alikuwa amekwisha kuwa kuku.

Kwa hiyo swali la mfumuko wa bei ni la haki, na anayevunja mkataba wa muda mrefu kwa hofu hiyo hastahili kuchekwa. Miaka ya karibuni bei zimetulia kuliko enzi zile. Hata hivyo, anayeingia mkataba wa miaka 15 au 20 aulize kama kiasi kilichoahidiwa kinaongezewa gawio kila mwaka, au kimesimama palepale.

Nchi nyingine zimeona dosari ya miaka ya mwanzo na kuirekebisha. India, kuanzia Oktoba 2024, mwenye bima yenye akiba aliyelipa ada ya mwaka mmoja kamili ana haki ya kurudishiwa kitu anapovunja, wakati zamani alitakiwa kufikisha miaka miwili. Uingereza humpa mnunuzi wa bima ya maisha siku 30 za kubadili mawazo. Hapa nchini pia hati nyingi zina kifungu cha namna hiyo: mnunuzi asiyeridhika huirejesha hati ndani ya siku zilizotajwa na kurudishiwa ada, pengine ikipungua gharama za uchunguzi wa afya. Siku hizo ni chache, na huanza kuhesabiwa tangu hati inapomfikia. Ndiyo maana hati isiachwe mkononi mwa wakala "mpaka nitakapopita tena".

Barua kabla ya fomu

Anayetaka kutoka aandike barua kwa kampuni, si kwa wakala, ikiwa na namba ya mkataba na namba ya simu. Asiseme kwanza kwamba anavunja. Aombe apewe kwa maandishi tarakimu tatu: thamani ya kusalimisha kwa tarehe hiyo, kiasi cha bima iwapo mkataba utageuzwa kuwa uliokwishalipiwa, na mkopo anaoweza kupata. Aombe pia kujua kama kuna deni litakalokatwa. Akishazipata, ndipo akae na mwenzake nyumbani waamue. Fomu ya kusalimisha ikishasainiwa na fedha kulipwa, kinga imekwisha, na mtu mwenye umri wa miaka 48 mwenye shinikizo la damu hatapata tena bei aliyopewa akiwa na miaka 35.

Fomu huambatana na hati halisi, kitambulisho na maelezo ya akaunti ya benki. Hati ikiwa imepotea, kampuni hudai taarifa ya polisi na kiapo, vitu vinavyopatikana Ngara mjini. Hati iliyowekwa benki kama dhamana haivunjwi mpaka benki iandike kuwa imeiachia. Stakabadhi zote na ujumbe wa malipo ya simu vitunzwe, kwa maana wapo mawakala waliopokea fedha taslimu ambazo hazikufika ofisini, na bila karatasi ni neno la mtu dhidi ya mtu.

Kampuni ikikaa kimya au ikitoa hesabu isiyoeleweka, malalamiko yapelekwe Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Safari hiyo, kupitia Biharamulo na Geita, imepungua adha tangu daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lakini barua na simu ni nafuu zaidi. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili kumaliza mambo ya aina hii nje ya mahakama. Yote haya humsaidia aliyenunua kwa kampuni yenye leseni ya TIRA. Ngara imepakana na Burundi na Rwanda, na bidhaa huvuka Kabanga na Rusumo kila siku. Bima iliyonunuliwa kwa wakala wa ng'ambo asiye na leseni ya hapa haina wa kuitetea Mwanza wala Dodoma.

Ipo bima nyingine ambayo wengi hawajui kama wanayo. Anayekopa benki kwa ajili ya duka au shamba hukatwa mwanzoni fedha ya bima ya maisha ya mkopo, ili akifariki deni lisiangukie familia. Mkopo wa miaka mitatu ukilipwa wote ndani ya mwaka mmoja na nusu, kinga ya muda uliobaki haina kazi tena. Mkopaji aliuliza tawi lake, siku anapomaliza deni, kama mkataba unarudisha sehemu ya ada hiyo, na jibu alitake kwa maandishi. Asiyeuliza hapewi.

Na kwa anayetaka kubaki, tatizo likiwa ni ratiba tu, kampuni nyingi hukubali ada ya mwaka badala ya ya mwezi, mara nyingi kwa punguzo dogo. Kwa yule wa Sh 40,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh 480,000 kwa mkupuo. Ombi la kubadili utaratibu huandikwa kabla ya tarehe ambayo mkataba unatimiza mwaka. Kwa mkulima anayeanza leo, ni vema asaini fomu mwezi Agosti kahawa ikiwa imeshalipwa, ili tarehe hiyo irudi kila mwaka wakati ambapo fedha iko mkononi.