Vikombe vya mbao: hesabu vilivyopona, sio vilivyochongwa

Leo tuongelee vikombe vya mbao vya kunywea, vile vinavyochongwa kwa mkono nje chini ya mti. Watalii wanavipenda, wenye migahawa wanaviulizia, na kwa zawadi vinatoka. Shida ni moja: mbao inapasuka, na mtaji unapasuka nao.

Angalia hesabu hii. Ni mfano tu, wewe weka bei za kwenu.

Gogo: 20,000
Fundi, vikombe 10 kwa 4,000: 40,000
Msasa na mafuta: 6,000
Jumla: 66,000

Ukigawa kwa 10 unapata 6,600. Unapanga kuuza 9,000, unasema faida 2,400 kila kimoja. Vikikauka unakuta vitatu vina ufa. Umebaki na saba, yaani 63,000. Umeuza vyote na umekula hasara 3,000! Ila kikipasuka kimoja tu, unauza tisa, unapata 81,000, faida 15,000. Bei ileile, fundi yuleyule.

Kwa nini inapasuka? Mti mbichi una maji. Yakitoka, mbao inasinyaa. Nje ikikauka haraka kuliko ndani, zinavutana mpaka panachanika. Kwa hiyo kazi yako ni kuyatoa maji polepole.

1. Chagua mti. Mwembe mzee uliokatwa shambani unafaa. Mkorosho uache, utomvu wake unaunguza ngozi. Miti ya msituni ina vibali vya TFS, ulizia kabla hujanunua. Ukikuta gogo lenye nundu, lichukue. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya wanachonga vikombe vyao vya kuksa kwenye nundu, kwa sababu nyuzi zake zimejisokota, hazipasuki kirahisi.

2. Ziba ncha za gogo. Maji hutoka haraka zaidi pale. Paka nta au rangi iliyobaki, halafu weka kivulini. Sehemu iliyopakwa rangi itakatwa na kutupwa.

3. Toa kiini. Gogo lipasuliwe katikati, na ile sehemu ya moyo wa mti iondolewe kabisa. Kikombe chenye kiini karibu lazima kipate ufa.

4. Kichongwe kibichi. Mbao mbichi ni laini, tezo inakula vizuri. Anzeni kuchimba ndani wakati kipande bado kikubwa na kinashikika, nje ifuate. Kuta ziwe na unene unaolingana. Mkifanya kazi nje, kaeni kivulini. Fundi akienda kula, kikombe kifunikwe na kitambaa kibichi, kisiachwe juani hata kidogo.

5. Kausha taratibu. Kifukie kwenye machicha ya mbao yake au kwenye mfuko wa karatasi, ndani ya nyumba. Sasa tumia mzani wako wa dukani: pima kila baada ya siku mbili, andika. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Hapo ndipo msasa unaingia.

6. Paka kitu kinachofaa mdomoni. Kwenye vinyago watu hupaka dawa ya viatu ing'ae. Kwa kikombe, hapana! Mteja atainywa. Tumia mafuta ya kula ya alizeti, kidogo kidogo, futa yanayobaki, acha yakauke. Nta ya nyuki inapendeza, ila inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu, kwa hiyo chai ya moto itaitoa.

Kabla ya kuuza, jaza maji, kiweke juu ya karatasi usiku kucha. Karatasi ikilowa, hicho uza kama cha kuwekea kalamu, na useme ukweli.

Mwambie mteja pia: kioshwe kwa mkono, kisilowekwe, kisikae juani. Akikiharibu kwa kutokujua, jina linaloharibika ni lako.

La mwisho ni la fundi. Ukimlipa kwa kuchonga tu, atakimbiza idadi. Mpe nyongeza ya 500 kwa kila kikombe kilichokauka bila ufa. Kwenye mfano wetu, tisa ni 4,500, na wewe bado una faida 10,500. Hapo hata yeye atakumbuka kukifunika akienda kula.