Kwa nini panya aliyenusurika haigusi tena sumu yako

Mkulima wa mahindi wa Bariadi akitega chambo chenye zinki fosfaidi, huenda asubuhi akaokota mizoga, halafu siku zinazofuata chambo kikabaki vilevile na panya bado wamejaa. Si kwamba wameambiana. Sumu hii huumiza ndani ya saa chache. Aliyelamba kidogo, akaugua bila kufa, huikumbuka ladha ile.

John Garcia wa Marekani alilionyesha jambo hili mwaka 1955: panya waliokunywa maji ya sakarini huku wakipigwa mionzi, baadaye waliyakataa.

Kichwani kunatokea nini? Kwenye shina la ubongo kuna sehemu iitwayo eria postrema, inayopima sumu ndani ya damu. Kwetu sisi huamsha kutapika. Panya, masikini, hawezi kutapika kabisa. Habari za ladha na za ugonjwa hukutana jirani hapo, kwenye kiini cha parabrakia. Kiharibu hicho, na panya hajifunzi kitu. Juu zaidi, amigdala na gamba la insula hushughulikia swali moja kubwa: ladha hii ni ngeni au nimeizoea?

Sasa hapo ndipo penye faida shambani. Ladha iliyozoeleka hailaumiwi kirahisi, ndiyo maana hushauriwa kuweka kwanza chambo kisicho na sumu kwa siku kadhaa. Dawa zinazozuia damu kuganda hupita njia nyingine: huua baada ya siku kadhaa, na ubongo wa panya hauwezi tena kukumbuka ni mlo upi wa kulaumu.